Mikebe Chini ya Kaunta

Kila siku kengele ya saa kumi ilipolia, Nyaguthii hakubaki uwanjani kucheza mpira wa kati na wasichana wenzake wa darasa la sita. Alitia daftari zake katika mfuko wa kitambaa, akavua viatu ili visiharibiwe na matope, akashika njia ya kwenda mtaani kwao Langas huku amevibeba mkononi. Akifika nyumbani alibadilisha sare, akala githeri baridi akiwa amesimama, kisha akaingia dukani kumpokea mama yake zamu.

"Umefika? Haya, kaa hapo nikachote maji kabla foleni haijawa ndefu," mama yake, Wahu, alikuwa akimwambia, tayari mtungi u mkononi.

Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao ya mabati. Lilikuwa na dirisha pana lenye waya, kaunta ya mbao, rafu chache, na juu ya rafu hizo picha ya Rais, kama ilivyokuwa katika kila duka siku hizo. Wahu aliuza unga, sukari iliyofungwa kwa gazeti, chumvi, majani ya chai, sabuni ya mche iliyokatwa vipande, na mafuta taa yaliyomiminwa kwa faneli kutoka kwenye pipa dogo lililokuwa pembeni. Nyaguthii aliketi juu ya kreti la soda na kuhudumia wateja hadi giza lilipoingia.

Halikuwa duka la kujivunia, lakini ndilo lililomtoa Wahu shambani. Kabla ya hapo alikuwa mfanyakazi wa kibarua katika mashamba makubwa ya mahindi nje ya mji wa Eldoret. Alfajiri trekta lilipita likiwakusanya wanawake, nao wakapanda tela na kwenda kuinama kutwa nzima wakipalilia. Kazi hiyo ilimharibu mgongo. Mumewe, Macharia, alikuwa utingo wa lori lililosafiri hadi mpakani, na ziliweza kupita wiki kadhaa bila ya kuonekana nyumbani. Kidogo alicholeta, Wahu aliweka. Kidogo alichopata shambani, aliweka. Hata siku moja akafungua duka. Siku hiyo alimwambia Nyaguthii, "Sipandi tela tena. Hata nikiuza chumvi peke yake, sipandi."

Kisha mwanzoni mwa mwaka mtu mmoja aliyeitwa Johnstone alifungua duka kubwa karibu na barabara. Wateja wa Wahu walianza kupungua. Wahu alianza kuwatazama watu wanavyokuja. Aligundua kwamba wengi hawakumtoroka. Walikuja kwake kwanza, wakauliza kitu, wakakikosa, ndipo wakaendelea na safari yao hadi kwa Johnstone.

"Na mtu akikosa mshumaa hapa," alimweleza Nyaguthii jioni moja, "huko anakoupata ndiko atakakonunua na sukari. Akizoea, harudi tena."

"Basi tuweke kila kitu," Nyaguthii alisema.

Wahu alitabasamu kwa uchovu. "Nikienda kwa muuzaji wa jumla Jumamosi, mkokoteni ni mmoja na pesa ni kidogo. Siwezi kuleta kila kitu. Lazima nichague, na sitaki kuchagua kwa kukisia."

Ndipo akatoa mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia, akaipanga chini ya kaunta. Juu ya mmoja alibandika kipande cha mshumaa, juu ya mwingine betri iliyokufa, juu ya mwingine karatasi ya blu ya kufulia, na juu ya ule wa mbele kabisa kifuniko cha chupa ya mafuta ya kujipaka. Hivyo vilikuwa vitu ambavyo watu waliwahi kumuuliza. Mkebe wa mwisho, ule wa huko ndani karibu na pipa la mafuta taa, hakuubandika chochote. Kando yake aliweka bakuli la mahindi.

"Mtu akiuliza kitu ambacho hatuna, weka punje moja katika mkebe wake," alisema. "Akiuliza kitu kipya, weka punje katika huu usio na alama, halafu ukumbuke ni kitu gani uniambie jioni. Ijumaa nitamwaga punje nizitazame. Penye nyingi ndipo nitakapotia pesa."

Nyaguthii aliufurahia mpango huo. Kwa wiki za kwanza aliufuata vizuri sana. Mtu akiuliza mshumaa, alishuka haraka kutoka kwenye kreti, akaweka punje yake. Ijumaa ya kwanza mkebe wa mishumaa ulikuwa na punje nyingi kuliko mikebe mingine yote, na Wahu alileta paketi kadhaa za mishumaa, nayo ikamalizika kabla ya wiki kwisha. Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya betri, kwa sababu watu walitaka kusikiliza redio zao. Hizo nazo zilitoka.

"Unaona?" Wahu alimwambia. "Hii kazi ni yako na yangu."

Halafu mvua za masika zikaanza kwa nguvu.

Mvua ilinyesha karibu kila alasiri. Njia ya kutoka shuleni ikawa tope tupu, na Nyaguthii alifika nyumbani akiwa ameloa na miguu imekufa ganzi. Bomba la karibu liliharibika, kwa hiyo mama yake alikwenda mbali zaidi kutafuta maji na kuchelewa kurudi. Shuleni walimu walikuwa wanaharakisha masomo ya mfumo mpya wa elimu, na kila siku kulikuwa na hesabu za kufanya nyumbani. Usiku paa lilivuja, wakaamka kuhamisha kitanda. Asubuhi Nyaguthii alisinzia darasani mpaka ilipokuja pakiti yake ya maziwa ya shule, na jioni alilaza kichwa juu ya kaunta akisikiliza mvua ikigonga mabati.

"Msichana, uko na sindano na uzi?" sauti iliuliza dirishani.

Alikuwa Mama Akello, mama wa nyumba za nyuma, amejifunika gunia kichwani.

"Hakuna," Nyaguthii alijibu bila kuinua kichwa.

"Hata uzi mweupe tu?"

"Hakuna."

Mama Akello aliondoka. Nyaguthii alijua kwamba alipaswa kuweka punje. Lakini mkebe usio na alama ulikuwa ndani kabisa. Ilimbidi ashuke kutoka kwenye kreti, ainame, apenye kando ya pipa la mafuta taa lenye harufu kali, kisha akumbuke neno "sindano" hadi usiku. Alijiambia kwamba angeweka baadaye. Baadaye akaja Mzee Kiprotich, aliyekuwa bawabu wa kiwanda cha nguo, akiuliza kama kuna chemni, kile kioo cha taa, kwa sababu yake ilikuwa imepasuka. Nyaguthii alimjibu vivyo hivyo. Wakaja wengine, akawajibu vivyo hivyo. Giza lilipoingia alikuwa amesahau waliouliza na walichouliza.

Ijumaa Wahu alipotikisa mikebe, haikutoa sauti. Aliichungulia mmoja mmoja. "Wiki nzima hakuna aliyeuliza kitu?"

"Mvua ilikuwa nyingi," Nyaguthii alisema.

Wahu aliketi kwenye kreti. Aliweka mkebe mmoja mapajani mwake. "Mimi nilifikiri wanapita tu kununua kwa Johnstone. Kumbe sasa hata kuuliza wameacha."

Nyaguthii aliuona uso wa mama yake jinsi ulivyokuwa, na hakuupenda. Alitaka kusema kwamba watu walikuwa wameuliza, lakini angeulizwa waliuliza nini, na hakujua.

Wiki iliyofuata, mama yake alipokuwa bado hajarudi kutoka kuchota maji, Nyaguthii alichota mahindi kwenye bakuli na kuyatia katika mkebe uliokuwa karibu na mkono wake. Ulikuwa ule wa mafuta ya kujipaka. Hakuwa na sababu yoyote ya kuuchagua ila kwamba hakuhitaji kushuka kwenye kreti ili kuufikia. Siku ya pili alifanya vivyo hivyo, na ya tatu pia. Wakati mwingine alikumbuka kutupa punje mbili tatu katika mkebe wa blu, ili isionekane kama mkebe mmoja tu ndio unaokula.

Ijumaa Wahu alimwaga punje juu ya kaunta, na uso wake ukafunguka.

"Mafuta ya kujipaka? Watu wote hawa?"

"Ndiyo, Mama."

"Labda ni baridi hii. Ngozi inawapasuka." Alizisukuma punje kwa kidole, akafikiri. "Lakini mafuta ni ghali. Wacha tungoje wiki moja tuone."

Walingoja, na wiki hiyo mkebe ukajaa zaidi. Jumamosi Wahu alikwenda mjini na kurudi na katoni nzima ya mafuta ya kujipaka, yale yenye harufu nzuri katika vichupa vya bluu. Ili kuyapata, aliacha kununua gunia la pili la unga. Aliyapanga kwenye rafu ya katikati, mahali ambapo kila mtu angeyaona, akayapangusa vumbi moja moja.

Siku ya kwanza hakuna aliyeyagusa. Ya pili, msichana mmoja aliomba aonyeshwe kichupa, akakifungua, akakinusa, akakirudisha. Watu waliokuja walitaka unga, na unga ukaisha. Walitaka sukari, nayo ikaisha. Wahu alipotaka kuvinunua tena hakuwa na pesa, kwa sababu pesa zote zilikuwa pale juu ya rafu, katika vichupa vya bluu.

"Mama, mafuta yamekuja," alimwambia kila mwanamke aliyefika dirishani. "Yale mliyokuwa mnauliza."

Wanawake walitazama rafu, wakatazamana. "Nani aliuliza?" mmoja alisema. "Mimi napaka samli ya kwetu."

Usiku wakati wa kula Wahu alirudia swali lile lile. "Wale waliouliza, mbona hawarudi? Nimewakosea nini? Labda nimeweka bei mbaya. Labda niliongea na mtu vibaya nikasahau." Nyaguthii alimega ugali na kuutazama tu.

Kisha asubuhi moja aliamka akakuta kitanda cha mama yake kitupu. Mezani palikuwa na chai imefunikwa kwa sahani. Alitoka nje, akamwona mwanamke wa jirani anafagia matope mlangoni.

"Mama yako amekwenda na trekta," jirani alisema. "Wanapalilia huko upande wa Sugoi. Amesema uache duka limefungwa uende shule, akirudi atalifungua."

Siku hiyo Nyaguthii hakusikia alichofundishwa. Alasiri mwalimu wa kazi za mikono aliwaambia watoe vitambaa vyao washone pindo. Nusu ya darasa walikaa mikono mitupu. "Sindano zenu ziko wapi?" mwalimu aliuliza. "Nimewaambia tangu mwanzo wa muhula." Msichana mmoja akajibu kwamba mama yake amezunguka Langas yote bila kuzipata, mpaka aende mjini. Nyaguthii alikuwa na sindano yake, ya zamani ya mama yake. Aliishika mkononi. Watu hao wote walikuwa wamepita mbele ya dirisha lao, naye alikuwa amelaza kichwa juu ya kaunta.

Mama yake alirudi jioni na tope hadi magotini. Aliteremka kutoka kwenye tela akishika kiuno, akasimama kidogo kabla ya kuanza kutembea, kama mtu anayejaribu mguu ulioteguka. Nyaguthii alimpokea jembe.

"Nimewasha moto, Mama. Kuna maji ya kuoga."

"Asante."

Mambo yakaendelea hivyo siku baada ya siku. Wahu alipanda tela alfajiri, akarudi jioni, akafungua duka kwa saa chache akiwa amejiegemeza ukutani. Nyaguthii alitaka kusema, lakini kila alipomtazama aliona mtu ambaye hawezi kubebeshwa jambo lingine.

Alhamisi jioni, Wahu akiwa kwenye kaunta na Nyaguthii akipima mafuta taa, Mama Akello alikuja kununua kibiriti. Mkononi alikuwa na mfuko wa karatasi wa duka la mjini.

"Umetoka mjini na mvua hii?" Wahu alimuuliza.

"Nitafanya nini? Watoto wanatakiwa kuwa na sindano na uzi, na mwalimu amechoka kungoja. Nimeuliza hapa kwako mpaka nimechoka."

"Hapa kwangu?" Wahu alishangaa. "Uliuliza sindano hapa?"

"Kila mara msichana huyu ananiambia hakuna."

Nyaguthii aliinama juu ya faneli. Mafuta taa yalimwagikia kidole chake.

"Labda ulikuja siku ambayo alikuwa na wateja wengi, akasahau kuniambia," Wahu alisema kwa upole. "Huyu mtoto huwa ananiambia kila kitu. Yeye ndiye ananisaidia kujua mnataka nini."

Mama Akello alimtazama Nyaguthii kwa muda. Alichukua kibiriti chake akaenda.

Wahu aliendelea kufunga chumvi. Nyaguthii alingoja aulizwe, na kutoulizwa kukamwumiza kuliko kama angechapwa.

Siku ya pili yake ilikuwa Ijumaa, na siku hiyo Wahu alilipwa kibarua chake cha wiki. Alioga, akala kidogo, kisha akaitoa mikebe chini ya kaunta kama alivyokuwa akifanya siku zote. Alimimina punje mbele yake.

"Sasa hizi pesa ndizo za mwisho," alisema. "Kesho nikikosea, nafunga duka. Tuone watu wanasema nini." Alianza kuzitenga kwa kidole. "Blu. Blu imepanda. Ni watu wengi wanataka blu?"

Nyaguthii alikuwa amesimama mlangoni. Alijua punje zile zilivyoingia humo. Alizitupa Jumanne mama yake akioga, akifikiria hesabu za desimali.

"Mama, usizifuate hizo."

"Kwa nini?"

"Hakuna mtu aliyeuliza blu." Sauti yake ilitoka ndogo. "Hata mafuta hawakuuliza. Ni mimi niliyekuwa naweka mahindi tu. Nilikuwa nachoka kushuka. Halafu uliposema watu wameacha kuuliza, nikaona utahuzunika, nikaanza kuyatia katika mkebe wa karibu."

Kidole cha Wahu kilisimama. Mvua ilikuwa imekatika, na kutoka nyumba za nyuma redio ya mtu ilisikika ikisoma matangazo ya vifo.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ilipoanza."

"Na Mama Akello alikuja?"

"Alikuja. Na Mzee Kiprotich alitaka chemni. Na wengine. Siwakumbuki, Mama. Sikuwa nawatazama."

Wahu alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa mekundu, lakini hakulia wala hakunyanyua mkono.

"Mimi nilikuwa shambani," alisema polepole, "nikiwaza ni neno gani baya nililowaambia watu. Nimepalilia mistari yote ile nikitafuta hilo neno."

Nyaguthii alianza kulia. Mama yake alimwacha alie. Kisha akazikusanya punje zote kwa viganja na kuzirudisha kwenye bakuli, mikebe yote ikabaki mitupu.

"Kesho siendi mjini," alisema. "Pesa hizi zitakaa wiki moja. Wewe asubuhi utakwenda kwa Mama Akello na kwa Mzee Kiprotich, uwaombe msamaha, na uwaulize wanataka nini. Usiwaambie nimekutuma. Jitume."

Jumamosi asubuhi Nyaguthii alipita kwenye matope hadi nyumba za nyuma. Mama Akello alikuwa anafua. Alimsikiliza bila kuacha kazi.

"Mimi nilidhani hunipendi," alisema mwishowe. "Hata kunitazama hukunitazama. Nikasema, basi, nitakwenda pengine." Alikamua shati, akalitundika. "Sindano sasa ninazo. Lakini uzi utaisha, na mtoto wangu mdogo anahitaji daftari la mistari mipana. Mama yako akileta, nitanunua kwake."

Mzee Kiprotich alimwonyesha taa yake, chemni imezibwa ufa kwa karatasi iliyoungua. "Nikikuambia nataka chemni, ujue naitaka kweli," alisema. "Mimi naamka gizani kwenda kazini. Lete, nami nitawaambia wenzangu wa kiwandani."

Jumatatu Nyaguthii alipochukua zamu aliusogeza mkebe usio na alama mbele kabisa, na ule wa mafuta ya kujipaka akautupa nyuma. Mama yake alikuwa amemwongezea kazi moja. "Usiishie kuuliza wanataka nini," alimwambia. "Uliza pia, tukileta utachukua lini? Watu wengi hutamani vitu. Mimi nataka kujua watakaovichukua."

Ilikuwa kazi ngumu kuliko ilivyoonekana. Watu wengine waliuliza saa ya ukutani, lakini walipoulizwa wangeichukua lini walicheka wakaondoka. Hao hawakupata punje. Rafiki yake Jepkosgei alikuja na kundi la wasichana, akaegemea waya.

"Tuwekee biskuti," alisema. "Kila mmoja wetu punje yake. Mama yako atazileta."

"Zikija mtanunua?"

"Na nini? Weka tu, Nyaguthii. Mama yako hawezi kujua."

Nyaguthii alikuwa amechoka, na Jepkosgei ndiye aliyemwazima kitabu cha hesabu. Ingekuwa rahisi kutupa punje chache. Alitikisa kichwa. "Siwezi. Mama yangu alirudi shambani kwa sababu yangu."

Jepkosgei aliacha mzaha. Hakujua jambo hilo. Kisha akasema, "Dada yangu lakini anataka uzi wa kufumia, rangi nyekundu. Huyo atanunua. Anafumia watu sweta."

Punje hiyo Nyaguthii aliiweka, na kila jioni akamweleza mama yake yote yaliyoulizwa. Siku moja alipomaliza aliongeza, "Kuna mzee mmoja alikuja nikiwa nimesinzia. Sikusikia alichotaka. Sijui ni nini." Wahu aliitikia kwa kichwa. "Vizuri kwamba umesema," alijibu.

Jumamosi iliyofuata Wahu alileta sindano, uzi, daftari, chemni chache zilizofungwa kwa majani makavu zisivunjike, uzi wa kufumia mwekundu, na unga. Havikujaza mkokoteni. Lakini chemni ziliisha siku ile ile, kwa sababu Mzee Kiprotich alikuja na wenzake kutoka kiwandani, na waliponunua chemni walinunua na sukari. Akina mama wenye watoto shuleni walikuja kutafuta uzi na daftari. Mama Akello alirudi akanunua uzi kama alivyoahidi, akasimama kuzungumza na Wahu hadi chungu chake kikaungua huko nyumbani.

Johnstone hakufunga duka lake, na wapo waliokuwa wamekwisha kumzoea, hawakurudi. Mafuta ya kujipaka nayo yalikaa kwenye rafu muda mrefu. Yalikuja kuisha Krismasi, watu walipotaka kujipendeza, na Wahu aliyauza kwa bei aliyoyanunulia bila kupata faida. Lakini baada ya wiki chache aliweza kununua gunia la pili la unga, na trekta lilipopita alfajiri, alilisikia akiwa kitandani.

Jumapili moja baada ya kutoka kanisani, mama na mtoto waliketi nyuma ya nyumba wakimenya viazi. Jua lilikuwa limetoka kidogo. Wahu alikuwa ameegemea ukuta ili kuupumzisha mgongo, ambao haukuwa umepona.

"Nyaguthii, nataka nikuambie kitu, na sitakirudia tena," alisema. "Zile siku hukuniibia hata sukari ya kulamba. Ulikuwa umechoka tu. Hata mimi huchoka, kwa hiyo sikukasirikia uchovu wako. Lakini mimi sikuwa dukani. Nilikuwa naangalia kwa macho yako na kusikia kwa masikio yako. Uliponiambia kitu ambacho hukukiona, ulinifumba macho, nami nikaenda kuingia shimoni nikidhani ni njia."

"Nilitaka ufurahi, Mama."

"Najua. Lakini mkebe mtupu ningeuelewa. Ningekaa dukani mwenyewe, ningewauliza watu, ningetafuta njia nyingine. Mkebe uliojaa uongo ndio ulionirudisha shambani." Alitupa kiazi katika sufuria. "Mtu akikuuliza na hujui, mwambie hujui. Halafu nenda ukajue. Kazi ikikushinda, sema imekushinda. Hakuna mtu atakayekula kwa sababu ulisema neno la kumfurahisha."

"Ndiyo, Mama." Nyaguthii alimenya kiazi kimoja, kisha akasema, "Leo nimechoka."

Wahu alimtazama, akacheka kidogo, kicheko ambacho Nyaguthii hakuwa amekisikia tangu mvua zianze. Alimpokea kisu mkononi.

"Basi nenda ukalale. Viazi nitamaliza mwenyewe."